Somo kwa Makatibu: Mabaki ya Jengo na Biashara ya Kuni



Katika kukagua chama kimoja cha msingi wilayani Bariadi, nilikuta kumbukumbu za Bodi zimeandikwa hivi: "Mabaki ya ghala la zamani, lori moja, yauzwe kuwa kuni." Mnunuzi alikuwa mchoma matofali, na fedha zake zilikwisha kupangiwa mabati ya ghala jipya.

Uamuzi huo unaeleweka. Kuni ni haba kwetu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulianzishwa mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado katika mkoa huo, na hata leo mama zetu hupikia miti ya pamba. Lakini nilipolitazama lundo, niliona nguzo zenye rangi ya kijani, milango iliyopakwa rangi ya mafuta na, kando yake, vipande vya paa la asbesto.

Nguzo za namna hiyo hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki ili mchwa wasizile. Moto hauiharibu aseniki. Nyingine hutoka na moshi, nyingine hubaki katika majivu, nayo majivu kwetu humwagwa bustanini. Asbesto haiungui, ikipata joto kali hupasuka na kurusha nyuzi, na mwenye kuzivuta aweza kupata saratani ya mapafu miaka 20 baadaye au zaidi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, yampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, tena yamtwika wajibu wa kuyalinda. Taka ngumu imezikabidhi kwa serikali za mitaa. Taka za hatari zina masharti yake ya vibali. Kwa hiyo Bodi haiwezi kuzigeuza kuwa kuni kwa kupiga kura. Hata Ujerumani, ambako mbao chakavu huzalisha umeme, kanuni ya mwaka 2002 inazigawa katika madaraja 4, na zilizotiwa dawa huchomwa katika mitambo yenye kibali tu.

Tulilipanga lundo upya. Mbao tupu za kenchi zilifaa kujengea, zikauzwa kwa bei nzuri kuliko kuni. Nguzo zikawa uzio. Asbesto hatukuigusa, akaitwa Afisa Mazingira wa Halmashauri. Hata hivyo fedha zilipungua, na mwanachama mmoja aliniuliza mkutanoni kama mabati nitayanunua mimi. Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Katibu, kabla ya kuuza mabaki yoyote, andika katika daftari la mali: ni kitu gani, kilipakwa au kutiwa nini, nani anakinunua, na atakitumia kwa kazi gani.