Vumbi la Mwamba

Asubuhi, jua lipenyapo katika ufa wa mlango, huonekana mstari wa nuru katikati ya chumba, na ndani ya nuru hiyo chembe nyingi za vumbi zikielea, zikipanda na kushuka. Nje ya mstari chembe zimo vile vile, ila jicho haliwezi kuziona. Vumbi la nyumbani, kwa kawaida, hunaswa puani, na lile lipitalo hutolewa kwa makohozi. Lakini liko vumbi jingine litokalo katika mwamba, nalo limewaua maelfu ya wachimba migodi.

Mawe mengi yana ndani yake kitu kiitwacho silika. Jiwe gumu liitwalo kwatsi, jeupe, lenye kung'aa kama chupa likivunjwa, ni silika tupu. Likiwa zima halimdhuru mtu. Mtoto aweza kulichezea mchana kutwa. Hatari huanza lipondwapo au kutobolewa hata kuwa unga mwembamba sana. Chembe mia za unga huo zikipangwa mstari mmoja hazifiki urefu wa milimita moja. Chembe nene hukwama puani na kooni, lakini hizi hupita kote, zikashuka hata vijumba vya mwisho vya mapafu, mahali pumzi ikutanapo na damu.

Katika vijumba hivyo mna askari wa mwili, yaani seli ambazo kazi yao ni kumeza kila uchafu uingiao. Huimeza silika, nayo silika huwaua. Askari akiisha kufa, chembe hutoka ikiwa nzima kama ilivyoingia, ikamezwa na mwingine, naye akafa. Mahali hapo pa mapigano hufanyika kovu, na kovu halipitishi pumzi. Ugonjwa huo huitwa silikosisi.

Mwanzoni mgonjwa hasikii lolote. Hupita miaka kumi, au ishirini; ila vumbi likiwa jingi mno, miaka michache hutosha. Kisha kilima alichokuwa akikipanda huku akiimba, sasa hawezi kukipanda asiposimama mara mbili kutafuta pumzi. Hakuna dawa iondoayo makovu hayo. Hata akiacha kazi, ugonjwa waweza kuendelea. Tena kifua kikuu huyashika mapafu ya namna hii upesi, kama moto ushikavyo nyasi kavu.

Mwaka 1886 dhahabu iligunduliwa Witwatersrand, katika Transvaal, nchi ambayo leo ni sehemu ya Afrika Kusini. Dhahabu ile haikulala kwa mabonge. Ilikuwa punje ndogo mno, zimetawanyika katika mwamba uliojaa kokoto za kwatsi, hata ilipasa kuvunja mwamba mwingi sana ili kupata dhahabu kidogo. Hapo mwanzo matundu ya kutilia baruti yalichimbwa kwa nyundo na patasi ya chuma. Kazi ilikwenda polepole, na vumbi lilikuwa la kiasi. Baadaye ikaja keke ya mashine, iendeshwayo kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa. Keke hiyo haikuzunguka tu kama ile ya seremala, bali iliupiga mwamba mara mamia kwa dakika moja. Tundu lililoelekea chini liliweza kutiwa maji, na unga ukatoka kama tope. Lakini tundu lililoelekea juu halikushika maji, na unga wake ulimwagika mkavu juu ya uso wa mchimbaji.

Mwaka 1899 vita vikatokea kati ya Waingereza na Makaburu, migodi mingi ikasimama, na wachimbaji Wazungu wengi wakarudi kwao. Ndipo jambo likafunuliwa. Katika wachimbaji 1,377 waliokuwa wakishughulika na keke za mashine kabla ya vita, 225 walikuwa wamekwisha kufa kufikia Januari 1902. Mwaka huo huo serikali iliweka tume ya kuchunguza. Huko Uingereza nako, katika jimbo la Cornwall walikotoka wachimbaji wengi, mtaalamu J. S. Haldane na wenzake walitoa taarifa mwaka 1904: waliokuwa wakifa kwa wingi ni watu wa keke za mashine, na wengi wao walikuwa wamefanya kazi Transvaal.

Njia ya kujikinga haikuwa ya ajabu. Ilikuwa maji. Katika Marekani fundi mmoja, John George Leyner, alifanya keke ambayo chuma chake kilikuwa na uwazi katikati, kama mwanzi, tangu mwanzo hata ncha. Kwanza alipitisha hewa ndani yake ili kuusukuma unga nje ya tundu. Unga ukatoka kweli, ukajaza mahali pote, hata wachimbaji wakakataa kuitumia. Basi akapitisha maji. Maji yalifika pale pale ncha igongapo mwamba, yakaulowesha unga kabla haujapata kuruka, hata katika tundu lielekealo juu. Vumbi likikwisha kuruka ni shida kulikamata. Likilowa pale lizaliwapo, halina mbawa.

Hata hivyo maji hayakupendwa mara moja. Mchimbaji alilowa mwili mzima akatetemeka kwa baridi atokapo. Aliyelipwa kwa urefu wa tundu aliona kwamba kushughulika na bomba kunampotezea fedha, akaliacha limefungwa. Katika migodi ya kina kirefu, ambako mwamba wenyewe ni wa moto, unyevu uliongeza joto hata watu wakazimia. Kwa hiyo ilipasa kupeleka hewa safi chini kwa wingi, na kuwangojesha watu nje baada ya baruti kulipuka mpaka vumbi litulie. Kazi hizo zilikuwa na gharama, na wenye migodi hawakuzifanya zote kwa haraka.

Lakini ni mapafu ya nani yaliyohesabiwa? Wale 1,377 walikuwa Wazungu. Walioshika keke kwa mikono yao, wakasomba mwamba uliovunjika kwa sepetu, mara nyingi walikuwa Waafrika: watu wa Msumbiji, wa Basutoland ambayo sasa ni Lesotho, wa Nyasaland ambayo sasa ni Malawi, na baadaye hata watu wa kusini ya Tanganyika. Waliandikwa kazi kwa muda, muda ukiisha wakarudi kwao. Mzungu aliugua Johannesburg, akaonwa na daktari, akaandikwa kitabuni. Mwafrika aliugua kijijini, mbali na daktari, na jirani zake walidhani amerogwa. Sheria zilizotungwa tangu 1911 ziliwapa Wazungu fidia kubwa kuliko Waafrika. Hesabu iliyofanywa kwa namna hiyo ilionyesha ugonjwa ukipungua, kwa kuwa wagonjwa wengi hawakuwamo ndani yake.

Waliofanya kazi ile walikwenda mahakamani katika karne hii. Tarehe 26 Julai 2019 mahakama kuu ya Johannesburg ilikubali mapatano ambayo kwayo makampuni sita ya migodi yatawalipa wagonjwa wa silikosisi na wa kifua kikuu waliofanya kazi migodini mwao tangu 12 Machi 1965, au warithi wa waliokufa. Kwa walioshika keke kabla ya tarehe hiyo, mapatano hayo hayakuwa na kitu.

Vumbi lenyewe halikubaki Transvaal. Kila mahali mwamba wenye silika unapopasuliwa, limo: kwa mwashi akataye jiwe kwa msumeno wa umeme, na kwa mama akaaye kando ya barabara akigonga kokoto za kuuza, mtoto mgongoni. Leso iliyofungwa puani huzuia chembe nene tu. Barakoa iliyofanywa makusudi kwa vumbi jembamba husaidia, ikiwa imebana uso vizuri, lakini hiyo ni ngao ya mwisho. Kwanza ni kulilowesha jiwe kabla ya kuligonga, na kukaa upande utokao upepo. Ufagio mkavu huliamsha tena vumbi lililokwisha lala. Kwa hiyo sakafu humwagiwa maji kwanza. Nguo za kazi hazikung'utwi nyumbani, kwa maana watoto nao huvuta pumzi.

Upimaji uliofanywa katika machimbo madogo ya Mererani, kaskazini ya Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2003, ulikuta watu wakitoboa mwamba mkavu bila maji, na vumbi la silika likipita mno kiasi kiwezacho kuvumiliwa. Ile keke ya Leyner yenye njia ya maji ilikuwa imekwisha kuwako karibu miaka mia.