Kulala Si Kupata Usingizi

Mhariri wa jarida letu aliomba kila mwanachama alete somo fupi kuhusu jambo analolifahamu. Wenzangu wamechukua ngeli, methali na ushairi. Mimi nimechukua usingizi. Niliukosa kwa muda wa miezi saba, hata nikalazimika kuusoma kama watu wanavyosoma Kemia, na sasa ninayo ya kusema.

Tuanze na lugha, kwa kuwa hiki ni chama cha Kiswahili. Kitenzi kulala kina maana mbili: kujinyoosha kitandani, na kuwa katika usingizi wenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kulala tangu saa tatu usiku mpaka alfajiri bila kupata hata lepe la usingizi, na Kiswahili chake kikawa sahihi kabisa. Tena angalieni sarufi. Tunasema usingizi ulimchukua Juma, usingizi ulimjia, usingizi ulimruka. Usingizi ndio kiima. Juma hafanyi chochote, anatendwa tu. Wazee waliotunga lugha hii walijua kwamba kulala ni kazi ya mtu lakini usingizi si kazi yake. Shikeni hapo, nitaparudia.

Tuna pia usingizi wa mang'amung'amu, yaani nusu macho nusu ndoto, na tuna usingizi wa pono. Sisi watu wa bara tunaupachika msemo huo katika insha ili tupate alama, wala hatumjui pono mwenyewe! Pono ni samaki wa baharini anayekaa kwenye matumbawe, na aina fulani za pono hujifunika usiku kwa utando wa ute wanaoutoa wenyewe, wakalala humo kama mtu aliyejifunga ndani ya chandarua. Nilipolisoma hilo nilimwonea wivu samaki.

Sasa, ugonjwa ni upi? Kukosa usingizi usiku wa kuamkia mtihani si ugonjwa. Wataalamu husema tatizo limekuwa sugu mtu anapokosa usingizi angalau siku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, na mchana wake ukaharibika, ingawa nafasi ya kulala anayo. Hayo maneno ya mwisho yana uzito hapa shuleni kwetu. Kijana wa miaka yetu anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi. Mwanafunzi wa kutwa anayechota maji, anayepika, anayesoma mpaka saa sita na kuamka saa kumi ili apate matatu, huyo hana ugonjwa wa usingizi. Hana muda. Dawa yake ni nyingine kabisa, na sehemu yake iko mikononi mwa wazazi na walimu. (Walimu wasinielewe vibaya.)

Kuna rafiki yangu aliyeniambia ati nina bahati, naweza kusoma usiku kucha. Akanitolea mfano wa Randy Gardner, mwanafunzi wa miaka 17 wa San Diego, Marekani, aliyekaa macho saa 264 mpaka Januari 1964 kwa ajili ya maonyesho ya sayansi. Nikamjibu kwamba Gardner aliukataa usingizi mwenyewe, nami nilikuwa nikiuomba. Kitabu ukikisoma saa nane usiku kichwa kikiwa kama gunia la mchanga, hakikai. Katika Hesabu nilitoka alama 71 nikafika 44.

Usingizi huletwa na mambo mawili yanayofanya kazi pamoja. La kwanza ni kemikali iitwayo adenosini, ambayo hujikusanya katika ubongo kadiri unavyokaa macho. Ikizidi, unasinzia. Kafeini iliyomo katika chai na kahawa huziba mahali ambapo adenosini ingeshika, kwa hiyo uchovu upo ila ubongo hausikii. Nayo haiondoki upesi: kwa mtu mzima nusu yake huchukua kama saa tano hivi kutoka mwilini. Ukinywa strungi ya nguvu saa mbili usiku, saa saba bado unayo nusu. La pili ni saa ya mwili iliyo ndani ya ubongo, inayofuata mwanga na giza na kuamuru homoni ya melatonini itoke usiku. Kwa vijana saa hiyo huchelewa kuliko ya watoto wadogo na watu wazima. Kwa hiyo kijana anayekodoa macho saa nne usiku si lazima awe mkaidi.

Kwangu mambo yalianza na ndugu yangu mdogo. Ana pumu. Mwaka jana muhula wa tatu alizidiwa usiku, akalazwa hospitalini siku sita. Aliporudi tulilala chumba kimoja kama kawaida, lakini mimi nikawa nasikiliza pumzi zake. Akikohoa, naamka. Asipokohoa, naamka pia kuangalia kwa nini hakohoi. Mwezi wa pili yeye alikuwa mzima, anacheza kabumbu na kukoroma vizuri, na mimi bado natazama mabati.

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Arthur Spielman, alitofautisha mambo matatu: maumbile yanayomfanya mtu awe mwepesi wa kukosa usingizi, tukio linaloanzisha tatizo, na mambo yanayoliendeleza tukio likishapita. Kinachoanzisha sicho kinachoendeleza! Kilichoniendeleza ni kitanda. Mama alinihimiza nilale mapema nipumzike, na kila mama angesema hivyo. Basi saa tatu niko kitandani, saa saba bado nagaagaa, moyo unadunda, nahesabu saa zilizobaki. Usiku baada ya usiku mwili ukajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kukaa macho. Nikisinzia juu ya kiti nikienda kulala, kichwa kikigusa mto tu, macho yanafunguka kama dirisha. Na mtu anapojikaza kuutafuta usingizi, anataka kujigeuza kiima. Sarufi haikubali, na mwili haukubali.

Kutafuta msaada kulikuwa kugumu kuliko kukesha. Jirani alisema nimerogwa. Muuza dawa mmoja alitaka kuniuzia tembe za mafua, kwa kuwa zinasinziisha. Ni kweli zinasinziisha, lakini mwili huzizoea upesi na asubuhi unaamka na kichwa kizito. Mwalimu wa ushauri nasaha ndiye aliyeniita baada ya kuona alama zangu, akanisikiliza kipindi kizima, kisha akamwita mama. Mama alipoambiwa kuna kliniki ya afya ya akili alisimama. "Mwalimu, kwani mwanangu ana wazimu?" Tunaishi katika nchi ambayo Mathari, hospitali iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1910, jina lake limekuwa tusi la mitaani, kwa hiyo simlaumu. Mwalimu akamjibu taratibu, "Mama, huyu mwingine alipokosa pumzi ulimpeleka. Huyu amekosa usingizi." Mama akaketi tena.

Tulianzia kituo cha afya. Tabibu hakuandika dawa kwanza, aliuliza maswali. Je, nakoroma au kukatikiwa na pumzi nikilala? Je, miguu huniwasha nikajisikia lazima niichezeshe? Hiyo huweza kutokana na upungufu wa madini ya chuma, na damu yangu ikapimwa. Ninatumia dawa yoyote? Nina huzuni? Halafu akaniuliza kama nimewahi kuona afadhali nisiishi. Nilishtuka. Akasema swali hilo huulizwa waziwazi kwa sababu kukosa usingizi na unyong'onyevu wa moyo huandamana mara nyingi, na kuulizwa hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Nilimjibu ukweli. Mwenzangu ukiulizwa, jibu ukweli.

Kutoka hapo nikapelekwa kwa mshauri wa saikolojia katika hospitali ya rufaa. Tiba yenyewe huitwa tiba ya fikra na mienendo kwa wasiopata usingizi. Mwaka 2016 American College of Physicians, chama kikubwa cha madaktari wa Marekani, kilipendekeza iwe tiba ya kwanza kwa watu wazima wenye tatizo sugu, kabla ya vidonge. Mimi nilidhani nitaambiwa nilale zaidi. Lo! Niliambiwa nikae kitandani muda mfupi zaidi.

Wiki mbili za kwanza niliandika shajara: saa ya kupanda kitandani, saa ya kuamka, na makisio ya usingizi. Hesabu yake ni rahisi. Saa za kitandani zilikuwa 8, za usingizi 5. Tano gawanya kwa nane, zidisha kwa mia, unapata 62.5. Mshauri alitaka 85 au zaidi. Basi nikapangiwa kupanda kitandani saa nne na nusu na kuamka saa kumi na moja kila siku, hata Jumapili, bila kulala mchana. Wiki mbili hizo zilikuwa moto. Mwalimu wa Historia alijulishwa kwa barua, akaniruhusu kusimama nyuma ya darasa ili nisianguke kifudifudi juu ya dawati. Lakini adenosini ilijikusanya, na wiki ya tatu nilikuwa napata saa sita kati ya sita na nusu, yaani asilimia 92. Nikaongezewa dakika 15. Wiki nyingine, 15 tena. Nasisitiza kwamba jambo hili lisifanywe bila mtaalamu. Mwenye kifafa, kwa mfano, anaweza kudhurika sana akipunguza usingizi.

Sharti la pili lilitoka kwa Richard Bootzin, aliyelitangaza mwaka 1972: usingizi usipokuja, ondoka kitandani, fanya jambo la kuchosha kwenye mwanga hafifu, urudi ukisinzia. Nyumba yetu ina vyumba viwili. Ningeondoka niende wapi? Mama akaniwekea kigoda nyuma ya pazia la jikoni na sinia la maharagwe ya kuchambua. Mwezi huo hatukutafuna jiwe hata moja katika githeri.

Saa ya ukutani iligeuzwa uso. Wasiwasi nikapewa wakati wake, saa kumi na mbili jioni, kuuandika katika daftari la kurasa 32. Na siku moja mshauri aliniuliza, "Hiyo zamu ya kulinda pumzi za ndugu yako, nani alikupa?" Nilifikiri sana. Hakuna aliyenipa. Nililia pale, sioni haya kuliandika. Tangu siku hiyo kipulizio cha pumu kinakaa chini ya mto wa mama, na zamu ni yake.

Sasa napata saa saba na nusu, siku nyingine nane. Usiku mbaya bado huja, mara mbili au tatu kwa mwezi, nami huenda kwenye kigoda changu. Katika Hesabu nina 63.

Anayekesha kama nilivyokesha aanze kwa mwalimu wa ushauri nasaha, mlango ulio karibu na stoo ya vitabu, au kituo cha afya chochote kilicho karibu na kwao. Asiyeweza kumwambia mtu uso kwa uso apige 116, simu ya watoto ya Childline Kenya, haina malipo. Na mwenye swali kuhusu shajara anione Alhamisi baada ya mkutano wa chama. Nakala tupu ninazo, nimezichora kwa rula.