Anisi: Ijue Mbegu Kabla ya Kuchemsha Maji

Ukiingia duka la viungo Kariakoo, Darajani au Marikiti ya Mombasa ukaomba anisi, unaweza kurudi nyumbani na mbegu yoyote kati ya nne. Muuzaji mmoja atakupimia shamari. Mwingine atakupa bizari nyembamba, na wa tatu atakuletea yale matunda ya kahawia yenye umbo la nyota. Ukibahatika utampata anayeijua yansuni, jina ambalo aliyewahi kuishi Omani au Misri hulitambua papo hapo, na huyo ndiye atakayekupa anisi yenyewe. Kosa la namna hii kwenye sufuria ya pilau hubadilisha ladha tu. Kwenye kikombe cha dawa linaweza kukuletea mbegu isiyokusaidia kitu, na mara chache mbegu ya hatari.

Kwa hiyo mwambie muuzaji akumwagie chache kiganjani kabla hajapima. Anisi ni ndogo, urefu wake milimita 3 hadi 5, umbo lake kama tone la maji: imetuna upande mmoja na kuchongoka upande wa pili. Rangi yake ni kijivu chenye ukijani au ukahawia, ina mistari iliyoinuka kwa urefu wake, na mara nyingi kikonyo chake chembamba bado kimeshikilia. Ukiisugua kwa vidole utahisi mkwaruzo kidogo, maana ina vinyweleo vifupi. Shamari ni ndefu zaidi, ya kijani zaidi na haina vinyweleo. Bizari nyembamba, ambayo Unguja huitwa uzile, nayo ni ndefu na nyembamba, na ukiitafuna hupati utamu wowote.

Kutafuna ndiko kipimo kikubwa. Weka mbegu mbili tatu chini ya jino. Anisi huanza na utamu, kisha harufu inapanda puani, halafu ulimi unabaki na uvuguvugu. Utamu huo hautokani na sukari. Unatokana na anetholi, kiini cha mafuta ya anisi ambacho ni kitamu takriban mara 13 kuliko sukari ya mezani. Mbegu isiyo na utamu wala harufu imekaa dukani mno au imeanikwa jua kali. Iache hata kama bei yake inavutia.

Ukikosa anisi ukapata shamari, usisikitike. Nayo ina anetholi, na kwa tumbo lililojaa gesi inafanya kazi inayokaribiana sana. Hata zile mbegu zilizofunikwa sukari za rangirangi unazoletewa baada ya chakula katika mikahawa ya Kihindi, Nairobi au Dar es Salaam, kwa kawaida ni shamari.

Anisi ya nyota ndiyo ya kuangalia. Huo ni mti mwingine kabisa, wa kusini mwa China na Vietnam, ingawa nao una anetholi na harufu inayofanana. Shida ni ndugu yake wa Japani, ambaye matunda yake yana sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu. Yakishakauka, na hasa yakishasagwa, hayatofautishwi kwa macho. Mwaka 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wananchi wasinywe chai ya anisi ya nyota baada ya watu kuugua, wakiwamo watoto wachanga waliopata degedege. Mimi nyota naiacha kwenye mchuzi na biriani, na hata huko naitaka nzima, siyo unga. Kwa dawa siiweki.

Anisi yetu, Pimpinella anisum kwa jina la wataalamu, ni mmea wa msimu mmoja unaofika nusu mita hivi, wenye maua meupe yaliyojipanga mithili ya mwavuli. Asili yake ni nchi za mashariki mwa Bahari ya Kati, na Warumi waliioka ndani ya keki zilizoliwa mwisho wa karamu ili chakula kishuke vizuri. Ni wa ukoo wa karoti, giligilani na shamari. Ukoo huo una watu wabaya pia: sumu aliyonyweshwa Socrates kule Athens mwaka 399 KK ilitoka kwa ndugu wa anisi. Ndiyo sababu mbegu za mwavuli zinazoota zenyewe kando ya njia au bondeni hazichumwi, hata zikinukia vipi.

Sasa twende jikoni, na hapa ndipo watu wengi wanapoipoteza dawa. Mafuta ya anisi, ambayo ni kama asilimia 2 hadi 6 ya uzito wa mbegu, yamehifadhiwa katika vifereji vyembamba ndani ya ganda. Ukitumbukiza mbegu nzima kwenye maji, mengi hubaki humo humo. Zitwange kidogo kwa kinu cha viungo, mpaka zipasuke na harufu ilipuke. Hakuna haja ya kuzifanya unga. Asiye na kinu aziweke katikati ya karatasi safi na kuzikandamiza kwa chupa. Twanga kiasi cha kikombe kimoja tu, wakati uleule wa kukitengeneza, kwa sababu mbegu iliyopasuliwa haikai na harufu yake.

Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 2. Wakala wa Dawa wa Ulaya, ambao unaitambua anisi kama dawa ya jadi, umeweka kipimo cha gramu 1 hadi 3.5 kwa mililita 150 za maji yanayochemka, mara 3 kwa siku, kwa mtu mzima na kijana aliyevuka miaka 12. Kijiko hicho kimoja basi kinatosha. Mililita 150 ni kikombe kidogo cha chai. Bilauri kubwa itakupa maji yenye harufu na dawa haba. Mimina maji juu ya mbegu, funika hapohapo kwa kisahani, acha dakika 10 hadi 15, kisha chuja na unywe ingali na joto.

Kufunika si urembo. Mafuta haya hupaa pamoja na mvuke, na ile harufu tamu inayojaza jiko ni dawa iliyokwisha kukuponyoka. Wanaochemsha anisi nusu saa sufuria ikiwa wazi wanaipa dari tiba na wao wanabaki na maji ya kahawia. Ukiinua kisahani utaona matone upande wa chini, yadondoshe kikombeni.

Hata ukifuata yote haya, maji hayatayachukua mafuta yote. Wagiriki wana kinywaji chao kikali cha ouzo na Waturuki wana raki, vyote vya anisi. Vikiwa peke yake ni angavu, vikitiwa maji hugeuka vyeupe papo hapo, kwa kuwa anetholi hukaa vizuri kwenye kileo na huyakataa maji. Kikombe chako cha chai kina tabia hiyohiyo. Kwa hiyo, kwa tumbo lililojaa baada ya chakula, napendelea njia fupi: nusu kijiko cha chai cha mbegu safi, zilizopepetwa na kuondolewa vijiti, zitafunwe taratibu na kumezwa. Chai nayo ina faida yake, ule ujoto, ambao tumbo linalosokota huupenda.

Tumbo ndilo uwanja wa anisi. Inalegeza misuli laini ya utumbo, ile inayojikaza na kuibana hewa ndani. Baada ya maharage, kabichi au mlo mzito wa usiku, utabeua, utatoa upepo, na kubanwa kutapungua. Hiyo ndiyo kazi yake, usione aibu. Madaktari wa Iran walichapisha mwaka 2015 utafiti kwa watu wenye tumbo lisilosaga vizuri bila kidonda wala ugonjwa unaoonekana: waliopewa gramu 3 za unga wa anisi mara tatu kwa siku baada ya kula, kwa wiki 4, walipata nafuu kuliko waliopewa unga usio na dawa. Ni utafiti mmoja wa watu wachache, lakini unakubaliana na yale ambayo majiko ya Cairo na Damascus yamekuwa yakiyafanya siku zote. Ukijitibu mwenyewe nyumbani, ishia wiki 2. Tumbo linalodai anisi zaidi ya hapo linadai kupimwa. Na usisubiri hata siku hizo ikiwa kuna kutapika kusikoisha, damu kwenye choo, macho ya manjano, homa, au mwili unaopungua bila sababu.

Kwenye kifua, anisi husaidia makohozi yaliyoganda yalegee na kutoka, hivyo inafaa kikohozi cha mafua chenye makohozi kuliko kikohozi kikavu. Shika kikombe karibu na pua, vuta mvuke unapokunywa, na ukipenda tia kijiko cha asali. Ila kikohozi kilichofika wiki 2 kinahitaji kipimo cha kifua kikuu, ambacho katika vituo vya umma vya Tanzania na Kenya hutolewa bure. Kukizimisha kwa chai ni kuwapa walio nyumbani nafasi ya kuambukizwa.

Utasikia mengine mengi: inaongeza maziwa ya mama, inarekebisha hedhi, inashusha uzito, inarudisha nguvu za kiume. Mawili ya mwanzo yana historia ndefu, kwa kuwa anetholi inaelekea kuigiza kidogo homoni ya kike, lakini ushahidi wake kwa binadamu ni mwembamba. Mengine ni maneno ya kuuzia. Na hiyo tabia ya kuigiza homoni ndiyo sababu mjamzito asiinywe kama dawa, wala mwenye saratani ya matiti au ya kizazi asiiguse bila kumuuliza daktari wake. Harufu yake ndani ya mkate au biskuti ni jambo dogo. Vikombe vitatu kila siku ni dawa.

Mama anayenyonyesha naye asizidishe. Katika miaka ya 1990, Italia, watoto wawili wachanga walilegea mwili, wakalala mno na kukataa kunyonya. Ikagundulika kwamba mama zao walikuwa wakinywa zaidi ya lita 2 kwa siku za chai ya mchanganyiko wa mitishamba, anisi ikiwamo, ili maziwa yaongezeke. Chai ilipoachwa, watoto wakarudi katika hali yao.

Kumnywesha mtoto mchanga mwenyewe ndiko kunakoniudhi zaidi, kwa sababu hufanywa kwa mapenzi. Misri na nchi za Ghuba maji ya yansuni ni desturi kwa kichanga anayelia tumbo, na desturi hiyo imevuka bahari. Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama peke yake. Chai inajaza tumbo dogo lisilo na nafasi, maji yake yanaweza kuwa na vijidudu, na mbegu zenyewe huwa na estragoli kidogo, kiini ambacho kikitolewa kwa wingi kimeonekana kudhuru ini la wanyama wa maabara. Bibi aliyelea watoto saba hatayapokea haya kirahisi. Msikilize, mshukuru, kisha mtengenezee yeye hicho kikombe cha anisi, na mtoto mbebe wima begani umpapase mgongo mpaka abeue.

Wengine wa kuwa waangalifu ni wenye mzio wa giligilani, karoti, shamari au bizari, kwani mzio huvuka kutoka ndugu hadi ndugu, na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini. Wamweleze daktari kabla ya kuanza.

Kichupa cha mafuta ya anisi hakinywewi, kiasi chochote. Ukikinunua kwa ajili ya kuchua kifua, changanya matone machache katika mafuta ya nazi. Kujua kama ni halisi, kitie kwenye jokofu: mafuta ya kweli ya anisi huganda yakawa chengachenga nyeupe. Kipimo hicho hakitoshi peke yake, kwani mafuta ya nazi nayo huganda, hivyo yakichanganywa humo hutayatambua. Dondosha tone kwenye karatasi uliache hadi kesho. Anisi halisi hupaa, nazi huacha doa la mafuta.

Anayetaka kupanda ajaribu nyanda za juu zenye ubaridi, mfano wa Lushoto au Limuru, kabla ya kufikiria joto la Pwani. Panda mbegu moja kwa moja mahali zitakapokulia, penye jua na udongo usiotuamisha maji, kwa sababu mzizi wake mrefu hauvumilii kuhamishwa. Huchukua wiki 2 hadi 3 kuchipua, usikate tamaa ukazifukua. Itapita miezi minne au zaidi kabla ya kuvuna. Miavuli haiivi kwa pamoja, basi kata shina mara ncha za mbegu zinapogeuka kijivu, funga vitita, vining'inize vichwa chini kivulini juu ya shuka safi, na mbegu zitaanguka zenyewe.

Zikikauka kabisa, zitie kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko na mwanga wa dirisha. Zikiwa nzima zitadumu miaka 2 au 3. Bandika karatasi yenye jina na mwezi wa kuvuna au kununua, hasa kama rafu hiyohiyo ina shamari na uzile.