Mradi wa kuwakinga vijana na dawa za kulevya: kagua kipindi chenyewe

Ripoti nyingi za miradi hii huanza na idadi: vijana waliofikiwa, fulana zilizogawiwa, maandamano ya Juni 26, siku ya kimataifa ya kupiga vita dawa za kulevya, yalivyofana. Humo hutapata kama mafunzo yalitolewa inavyotakiwa, na kwa mtoto anayelala stendi au binti aliyeacha shule hilo ndilo la muhimu.

Kabla hujaenda kukagua, omba mpango wa vipindi. Mwongozo wa kimataifa wa kinga uliotolewa na Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu (UNODC) na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 unaeleza kuwa mafunzo ya stadi za maisha shuleni yenye mafanikio kwa kawaida huwa na vipindi 10 hadi 15, kimoja kwa wiki. Ukikuta yote yamebanwa kwenye Jumamosi moja, andika hivyo bila kuficha.

Siku ya kipindi, kaa nyuma na saa na daftari. Andika dakika anazoongea mwezeshaji, na dakika ambazo vijana wanaongea au kufanya zoezi. Tuseme somo ni kukataa bangi maskani. Mwezeshaji akiuliza, "Tutasemaje?" na ukumbi mzima ukaitikia "Hapana!", hakuna stadi iliyofundishwa hapo. Lakini akisimamisha wawili mbele, mmoja akamshika mwenzake bega, "Wewe vipi bwana, pafu moja tu," yule akababaika, wenzake wakamsaidia maneno, akarudia hadi jibu likamtoka mwenyewe, basi vijana wamefundishwa.

Tazama pia nani kaalikwa kufundisha. Mwongozo huohuo unaonya kwamba mihadhara ya kutisha, ushuhuda wa waliowahi kutumia na kuwapa polisi kazi ya kufundisha vimehusishwa na kukosa matokeo, au hata kuleta madhara. Najua ushuhuda unagusa moyo, na wanaoutoa wanastahili heshima kubwa. Nguvu yao inahitajika zaidi kwenye nyumba za upataji nafuu, kwa mwenzao anayetaka kuacha.

Daftari la mahudhurio lisome jina kwa jina. Walioanza wangapi wamebaki? Walioacha wafuate gereji au sokoni. Pengine kipindi kimewekwa saa tisa alasiri, muda wao wa kubeba mizigo. Zungumza nao mwezeshaji na mjumbe wa mtaa wakiwa mbali. Anayekuambia anatumia, jina lake usiliandike popote: kutumia dawa hizo ni kosa la jinai, na karatasi yako inaweza kumponza.

Mwezeshaji akibadili mfano wa bia ukawa wa gongo au mirungi kulingana na mtaa wake, huo ni umahiri. Akiruka zoezi kwa kukosa muda, ni pengo, lirekodi.

Yote uliyoyaona mwambie yeye kwanza, wiki hiyohiyo, angali ana vipindi vya kurekebisha. Ripoti ya mfadhili itafuata.