Kuchagua na Kutuliza Darubini ya Nyota

Usiku usio na mwezi, mtu atokapo nje kidogo ya taa za Lodwar au Kakuma, hukuta mbingu zimejaa nyota tele. Atakaye kuzitazama vema hahitaji chombo kikubwa. Darubini ndogo ya macho mawili yatosha, mradi aichague kwa akili na aishike isitikisike.

Juu ya darubini huandikwa namba mbili, kama 7x50 au 10x50. Ya kwanza ni mara ambazo kitu hukuzwa. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wanunuzi wengi hutamani namba ya kwanza iwe kubwa. Lakini darubini ikuzayo nyota mara 20 huukuza na mtetemeko wa mkono mara 20, hata nyota ikachezacheza kama kimulimuli. Kwa kushika mkononi, mara 7 hata 10 zatosha. Kioo cha milimita 50 chafaa sana, kwa kuwa usiku kazi ya darubini ni kukusanya nuru.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aitikise darubini taratibu; ikilia ndani, kuna kitu kilicholegea. Kisha aangalie nguzo iliyo mbali kwa macho yote mawili. Akiona nguzo mbili badala ya moja, asiinunue, maana itamuumiza macho.

Asimamaye na kuinua mikono huchoka upesi. Afadhali alale chali, kichwa chake juu ya ekicholong, kile kigoda cha mti ambacho wanaume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia usiku, na viwiko vyake viegemee kifuani. Kwa nyota zilizo chini, aketi, asimike fimbo ndefu mbele yake, na aiegemeze darubini juu yake. Upepo wa Turkana ni mkali, basi akae nyuma ya ukuta. Mchanga ukituama juu ya kioo, aupulize kwanza. Akiufuta kwa shuka utakwaruza kioo.

Kipimo chema ni sayari ya Mshtarii. Mwaka 1610 Galileo wa Italia aliona kando yake miezi minne. Darubini ikitikisika, Mshtarii huwa kama mstari wa moto. Ikitulia, miezi hiyo huonekana kama vidoto vya nuru vilivyojipanga. Kilimia nacho, ambacho kwa macho matupu huonyesha nyota sita au saba, huonyesha makumi.

Jambo moja lisisahauliwe. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa likafunikwa lote katika sehemu za kando ya Ziwa Turkana, na wengi walitamani kulitazama. Atazamaye jua kwa darubini, hata kwa nukta moja, aweza kupofuka, wala hatasikia maumivu ya kumwonya. Basi kukipambazuka, darubini irudishwe katika mkoba wake, mbali na mikono ya watoto.