SOMO LA 12: TWENDE MAFIA

Ukitoka mdomo wa mto Rufiji na kuelekea mashariki, ukivuka maji ya karibu kilomita 20, unafika visiwa vya Mafia. Kisiwa kikubwa kina urefu wa kilomita 50 hivi. Visiwa vidogo vyenye watu ni pamoja na Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Vyote pamoja ni wilaya moja ya Mkoa wa Pwani. Katika sensa ya mwaka 2022 watu wake walikuwa zaidi ya 60,000. Wengi ni wavuvi na wakulima wa minazi. Jina la Mafia halihusiani hata kidogo na genge la wahalifu la Italia, ingawa wageni hawachoki kufanya mzaha huo.

Wanakisomo wa zamani walilijua jina la Mafia kwa sababu nyingine. Mwaka 1971 Mafia ilikuwa moja ya wilaya sita zilizochaguliwa kuwa za kwanza nchini kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Kwa hiyo tunakwenda kwa watu waliotutangulia.

Njia ni mbili. Mwenye fedha hupanda ndege ndogo Dar es Salaam. Wengine huenda kwa gari mpaka Nyamisati, kisha kwa chombo mpaka Kilindoni, ambao ndio mji mkuu wa wilaya. Upepo wa kusi ukivuma, hasa kati ya Juni na Agosti, bahari huchafuka na safari huwa ngumu. Wakati wa kaskazi maji hutulia, na ndipo wageni huja kwa wingi.

Wanakuja kutazama nini? Wengi huja kumtazama samaki mmoja. Anaitwa potwe. Ni aina ya papa, naye ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Aliyekomaa huweza kupita mita 12, lakini wanaoonekana Mafia wengi ni vijana, wa mita 6 au 8 hivi. Usimwogope. Potwe hamli mtu. Hufungua kinywa chake kikubwa juu juu ya maji na kumeza uduvi na viumbe wengine wadogo pamoja na maji, kisha maji hutokea kwenye matamvua na chakula kinabaki. Mgongo wake una madoa meupe, na madoa ya potwe mmoja hayafanani na ya mwingine. Ni kama alama ya dole gumba. Wataalamu hupiga picha ubavu wake, na akirudi mwaka mwingine wanamtambua.

Potwe huonekana sana kuanzia Oktoba mpaka Februari au Machi, karibu kabisa na Kilindoni. Zamani ilidhaniwa kwamba baada ya hapo wanahamia mbali. Wataalamu walipowafunga vyombo vidogo vya kutoa ishara waligundua kwamba wengi hawaondoki. Huenda kwenye maji yenye kina kirefu zaidi, mbali kidogo na pwani, ambako macho ya mtu wa mashuani hayawafikii.

Sasa sikiliza jambo lenye uzito. Potwe hufuata uduvi. Samaki wadogo nao hufuata chakula hicho hicho. Wavuvi wenye nyavu za kuzungushia huwafuata samaki hao. Basi mara nyingine wavuvi wakivuta wavu wanamkuta potwe yumo ndani. Na mahali hapo pa Kilindoni pako nje ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari. Usalama wa potwe uko sana mikononi mwa wavuvi wenyewe, wanaoamua kushusha upande wa wavu ili atoke, hata kama wanapoteza sehemu ya samaki wao. Mvuvi anayefanya hivyo anatoa chakula cha siku ile. Mwenye hoteli anapata wageni wa mwaka mzima. Hesabu hii si sawa kwa pande zote mbili, na ni haki ya wavuvi kuisema mikutanoni.

Mgeni anayeingia majini na potwe lazima afuate masharti. Haruhusiwi kumgusa, kumpanda wala kumzuia njia. Nahodha hupunguza mwendo wa mashine, kwa sababu makali ya rafadha huweza kumkata samaki mgongo.

Upande wa mashariki wa kisiwa, kwenye kijiji cha Utende, kuna lango la Hifadhi ya Bahari ya Mafia. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1995, nayo ilikuwa ya kwanza ya aina hiyo Tanzania. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 822, na ndani yake mna zaidi ya vijiji kumi. Watu hawakuhamishwa. Wanaishi, wanavua na wanazika wazee wao humo humo.

Hapa ndipo wageni huzamia. Mzamiaji huvaa miwani ya maji, hubeba mtungi wa hewa mgongoni na kuvaa viatu vyenye mapezi. Akishuka huona matumbawe. Mtu asiyejua hudhani matumbawe ni mawe. La, yamejengwa na wanyama wadogo sana walio hai, na hukua polepole mno, mengine sentimita moja tu kwa mwaka. Humo samaki hutaga na kujificha. Mtu akitupa baruti mara moja, hupata samaki wa siku moja na kuvunja nyumba iliyojengwa kwa miaka mingi. Si binadamu peke yake anayeharibu. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Mafia yakawa meupe na kufa. Sehemu nyingine yamerudi, sehemu nyingine bado.

Kutoka Utende mashua hukuvusha mpaka Chole kwa muda mfupi. Wakati wa Wajerumani makao ya serikali yalikuwa hapa, mpaka yalipohamishiwa Kilindoni mwaka 1913. Magofu ya mawe yamebaki, na mizizi ya miti imeyakumbatia kuta kama kamba. Juu ya miti mikubwa wananing'inia popo, wale wakubwa wanaokula matunda. Mchana wanalala, jioni wanaruka kutafuta chakula.

Kisiwa cha Juani kina magofu ya kale zaidi, ya mji wa Kua. Kuna misikiti, makaburi na kuta za jumba kubwa, yote kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Wazee wa Mafia wanasimulia kwamba Kua ilikuwa na uadui na mji wa Kisimani, uliokuwa upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa. Watu wa Kisimani walijenga jahazi, wakawaalika watu wa Kua kwenye karamu ya kulishusha majini. Badala ya magogo, wakawalaza watoto wa Kua njiani, jahazi likapita juu yao. Watu wa Kua walinyamaza miaka mingi. Kisha wakawaalika wa Kisimani kwenye arusi, ndani ya chumba cha chini ya ardhi. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja akiwachangamsha wageni. Mlango ukazibwa kwa mawe, naye mzee akafa pamoja nao.

Hiyo ni simulizi, si hati. Lakini miji yote miwili iliangamia kweli. Kisimani imemezwa na bahari kwa sehemu kubwa. Kua ilivamiwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava waliotoka Bukini, yaani Madagaska, wakateka watu na kuwafanya watumwa. Mji ukaachwa. Ukitembea Kua usiondoe hata kigae kimoja cha chungu. Kigae kilichobaki mahali pake humweleza mtaalamu mambo mengi. Kikiwa mfukoni mwa mgeni hakisemi kitu.

Juani pia ni mahali ambapo kasa hutaga mayai mchangani. Zamani mayai yalichimbwa na kuliwa. Siku hizi wanakijiji hulinda viota, na wageni huja kuona watoto wa kasa wakikimbilia maji.

Kila mgeni anayeingia Hifadhi hulipa ada. Raia wa Tanzania hulipa kidogo kuliko mtu wa nje. Sehemu ya fedha hizo hurudi vijijini, kujenga madarasa, zahanati na mengineyo. Kiasi gani kimefika, na kimetumika wapi? Jibu liko kwenye stakabadhi na kwenye taarifa ya mapato na matumizi ambayo halmashauri ya kijiji hutakiwa kuisoma mbele ya wananchi. Mvuvi aliyekatazwa kutumia kokoro, na mama aliyekatazwa kuvunja matumbawe ya kuchoma chokaa, ndio wanaostahili kuwa wa kwanza kuiomba taarifa hiyo na kuisoma kwa macho yao.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini wavuvi na potwe hukutana mahali pamoja?

2. Mashua imebeba wageni 8 kwenda kutazama potwe. Tuseme kila mmoja amelipa shilingi 40,000. Mafuta ni shilingi 70,000 na mabaharia wawili wamelipwa shilingi 25,000 kila mmoja. Mwenye mashua amebakiwa na shilingi ngapi?

3. Je, mvuvi aliyemfungulia potwe wavu alipwe? Na nani? Toeni hoja za pande zote mbili.

4. Katika kijiji chenu kuna gofu, msitu, chemchemi au kaburi la kale? Waulizeni wazee habari zake, mziandike kwenye madaftari.