Anza na Tatizo, Somo Litafuata: Kwa Nini Shamba Darasa Linabadili Moyo wa Anayejifunza

Leo sizungumzii mbolea wala mbegu. Nazungumzia namna tunavyojifunza, maana hapo napo hela nyingi inapotea.

Tuseme ukweli. Vijana wakiitwa kwenye mafunzo, siku ya kwanza wanajaa, siku ya pili nusu hawapo, na waliobaki wako kwenye simu. Watu wanasema vijana hawapendi kujifunza. Mimi siamini. Kijana huyohuyo nyanya zake zikianza kunyauka anakupigia saa nne usiku! Hamu ya kujua anayo, ila sisi tulimletea majibu kabla hajawa na swali.

Kujifunza kwa kutatua tatizo ni nini?

Shuleni tumezoea hivi: mwalimu anatoa kanuni, unaandika, unafanya mtihani, tatizo lenyewe utakutana nalo baadaye. Njia hii inageuza mpangilio. Kikundi kinapewa tatizo kwanza, kisha kinajiuliza: tunajua nini? Hatujui nini? Tutapata wapi jibu? Kanuni inatafutwa kwa sababu sasa inahitajika.

Njia hii ilipata umaarufu kwenye shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kuanzia mwaka 1969. Badala ya kukariri miaka mingi kabla ya kushughulika na wagonjwa, wanafunzi walianza na visa vya wagonjwa mapema. Vyuo vingi vimeipima tangu hapo. Kinachojirudia ni kwamba wanafunzi huyapenda zaidi masomo yao na hutumia vizuri walichojifunza. Lakini kwenye mitihani ya kukumbuka tu, hawawazidi wenzao, na wakati mwingine huachwa kidogo. Mwanzoni pia wengi hulalamika: "Mbona mwalimu hatufundishi?" Hiyo ni kawaida, baadaye huzoea.

Kwenye kilimo ilikujaje?

Mwaka 1989 nchini Indonesia, kwa msaada wa FAO, lilianza shamba darasa la mpunga. Kulikuwa na mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza utomvu wa mpunga. Watu walivyozidi kupuliza dawa ndivyo alivyozidi, kwa sababu dawa iliua buibui na wadudu wengine wanaomla. Wakulima hawakuhutubiwa. Kila wiki waliingia shambani, wakahesabu wadudu, wakachora walichokiona, wakajadili na kuamua. Mdudu na buibui waliwekwa pamoja ili watu waone wenyewe nani anamla nani. Ukishaona kwa macho yako, huhitaji kubembelezwa uache kupuliza ovyo. Miaka ya 1990 mfumo huo ukafika Afrika Mashariki.

Tufanye mfano: nyanya zinanyauka

Wengi wetu tunakimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu. Subiri kwanza. Kaeni watu watano shambani mjiulize:

1. Je, mmea unanyauka mchana na kusimama tena jioni? Angalia kwanza maji. Ila usiishie hapo, maana mnyauko wa bakteria nao huweza kuanza hivyo.
2. Majani ya chini yameanza kuwa ya njano, pengine upande mmoja? Pasua shina. Ukiona rangi ya kahawia ndani, shuku mnyauko wa fusari, ambao ni ukungu wa udongoni.
3. Mmea umenyauka ghafla majani yakiwa bado kijani? Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha iguse maji. Ndani ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko wa bakteria.
4. Ng'oa mizizi. Ina vifundo? Hao ni minyoo fundo.

Ikiwa ni bakteria, dawa ya ukungu haisaidii kitu, na hakuna dawa ya kuponya mmea ulioshikwa. Ng'oa na uteketeze, safisha majembe, zuia maji yasipite kutoka eneo lenye ugonjwa kwenda lisilo nao. Msimu ujao usirudishe nyanya, viazi mviringo, pilipili wala bilinganya hapo. Weka mahindi.

Ningekuambia haya yote ukumbini, ungesahau kabla ya kufika nyumbani. Ile glasi hutaisahau. Swali lilikuwa lako, umeona mwenyewe, na hela iliyookolewa ni ya kwako. Ndiyo maana mtu aliyekuwa anasinzia darasani anaanza kuuliza "tunakutana lini tena?"

Zingatia haya

- Tatizo liwe la kweli na liwe la msimu huu. Kisa cha kubuni hakimshiki mtu.
- Mwezeshaji asiwahi kutoa jibu. Akiulizwa "huyu mdudu gani?", naye aulize: "Umemkuta wapi? Anakula nini?"
- Kundi likiwa kubwa, ligawanyeni. Kwenye watu thelathini, watano wataongea na wengine watatazama.
- Jaribio lifanyike kwenye kipande kidogo, sio shamba zima lenye mtaji wako.
- Siyo kila kitu ni cha kugundua. Kipimo cha dawa na siku za kusubiri kabla ya kuvuna vipo kwenye lebo. Soma na ufuate, hapo hakuna mjadala.

Kazi ya wiki hii

Ingia shambani na wenzako wawili au watatu. Chagueni tatizo moja tu linalowala hela. Andikeni mnachokijua, msichokijua, na mtakachokiangalia kwa siku saba. Baada ya hapo mwiteni afisa ugani wenu. Mtaona mazungumzo yatakavyokuwa tofauti, kwa sababu safari hii nyinyi ndio mtakuwa na maswali.